Kanuni ya Foleni: Kusoma Muundo wa Slurm

Programu ya Slurm iliasisiwa mwaka 2002 katika maabara ya Lawrence Livermore, Marekani, na ndiyo inayopanga zamu za kazi kwenye klasta ya kompyuta ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) jijini Nairobi. Kiini chake cha kisanii kimo katika kanuni ya mgao wa haki, ambayo kwa sura yake ya kale ni fupi mno: 2 hupewa kipeo hasi, na kipeo chenyewe ni matumizi ya mtu yakigawanywa kwa fungu lake. Asiyetumia kitu hupata 1. Aliyemaliza fungu lake barabara, 0.5, aliyelitumia maradufu, 0.25.

Tutazame mteremko huo. Laiti ungekuwa mstari ulionyooka, mtumiaji mkubwa angefika sifuri mapema, naye aliyezidisha kidogo na aliyezidisha mno wangelingana pale chini. Kipeo hupunguza bila kufuta, kwa hiyo kila kiwango cha ulafi hubaki na nafasi yake katika safu. Matumizi nayo hayahesabiwi kama deni la milele: kwa mpangilio wa kawaida hupungua nusu kila baada ya siku 7, hivi kwamba saa 800 za prosesa hubaki 400 wiki ya pili, 200 ya tatu. Huku kusahau kwa kipimo ndiko ninakokustahi kuliko yote. Programu hulikumbuka kosa kwa kadiri linavyowaumiza wengine sasa.

Halafu upo ujazaji wa mapengo. Kazi kubwa inapongoja prosesa 32, ndogo ya prosesa 2 iliyotangaza saa moja yaweza kupenyezwa mbele yake, mradi isiicheleweshe. Mbinu yote inasimama juu ya neno la mtumiaji: atakayetangaza saa nyingi kwa tahadhari hukosa upenyo, na atakayetangaza chache kwa ujanja huona kazi yake ikikatizwa muda ukiisha.

Pengo moja, hata hivyo, huonekana upesi kwa msomaji wa Matungu, aliyekulia kando ya mashamba ya miwa ya Mumias. Muwa uliokatwa hupoteza sukari kadiri trekta linavyongoja mizani, na kungoja huko hakuwezi kupewa uzito sawa na kungoja kwa muwa ulio bado shambani. Slurm huupa umri wa kazi kwenye foleni alama zinazopanda hadi kikomo, lakini umri huo haujui kipi kinaharibika. Sampuli za mlipuko wa homa ya mifugo na jaribio la mwanafunzi huzeeka kwa kasi ileile. Kinachoweza kuzitenganisha ni daraja la huduma, kipengele ambacho msimamizi hukipa uzito kwa hiari yake. Na hapo kanuni, baada ya ukokotozi wake wote, humwachia mtu aamue.