Maneno Anayosomewa Mgonjwa wa Moyo: Uhakiki

Safari hii hatuhakiki kamusi wala kitabu. Tunahakiki karatasi ya maelezo, yenye kurasa nne tu, ambayo husomewa wagonjwa wa moyo na wa shinikizo la damu katika baadhi ya zahanati za Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoani Mara. Mtoaji wake hatumtaji, kwa sababu makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake. Mengi ni yetu sisi tunaoshughulika na istilahi, naye aliyapokea kwetu kwa nia njema.

Wazee wengi wa wilaya hizo wamelelewa katika Kikurya, Kingoreme, Kinata, Kiikoma au lugha nyingine za huko. Kiswahili wanakijua, lakini wamejifunza kwanza Kiswahili cha mnadani, cha mkutano wa kijiji na cha mahakama ya mwanzo. Neno jipya linapowafikia hulichukua kwa maana ile waliyokutana nayo kwanza. Jambo hili mtungaji wa istilahi hana budi kulikumbuka kabla hajashika kalamu.

Nchi yetu si ngeni katika kazi ya kuwafundisha watu wazima mambo ya afya. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Lugha yake ilikuwa nyepesi kwa kuwa mambo yenyewe yalionekana kwa macho: choo, mbu, dimbwi, maji ya kuchemsha. Mtu aliyesikia neno "choo" alijua achimbe wapi. Maradhi ya moyo hayana wepesi huo. Shinikizo la juu la damu laweza kukaa mwilini miaka mingi bila maumivu yoyote, na matibabu yake kwa kawaida hayana siku ya mwisho. Mgonjwa hana cha kumwongoza ila maneno aliyoambiwa. Kwa hiyo neno likipotoka, mgonjwa naye atapotoka.

Tuyapime sasa maneno yenyewe.

(a) "Shambulio la moyo." Hii ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza. Tulipolisoma mbele ya wasikilizaji wachache mjini Mugumu, mzee mmoja aliuliza kwa adabu: "Mwanangu, huyo aliyeushambulia ni nani, na je, amekamatwa?" Wenzake walicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Shambulio alilijua kwa wizi wa mifugo na kwa kesi za shambulio la kudhuru mwili. Ukurasa wa pili karatasi inabadili na kusema "mshtuko wa moyo", na hapo hatari inazidi. Kushtuka ni kupatwa na hofu ya ghafla. Jamaa wa mgonjwa wakisikia hivyo watajitahidi kumficha habari za misiba, wakidhani wamemkinga. Na siku kifua kitakapombana na jasho kumtoka, watauliza kwanza nani amemshtua badala ya kumkimbiza hospitali. Isitoshe, neno hilo hilo limetumiwa pia kwa moyo uliosimama kabisa, ambayo ni dhana nyingine. Tunapendekeza "kuziba kwa mshipa wa moyo" kwa dhana ya kwanza, na "moyo kusimama" kwa ya pili. Ni marefu kidogo, lakini hayadanganyi.

(b) "Moyo kushindwa." Anayeshindwa ameshindwa, mchezo umekwisha. Mgonjwa akiambiwa moyo wake umeshindwa, ataona ni heri arudi nyumbani akagawe ng'ombe wake. Kumbe daktari anakusudia kwamba moyo unasukuma damu kwa nguvu pungufu, na kwamba dawa zaweza kuusaidia. "Moyo kuelemewa" lingefaa zaidi, maana aliyeelemewa hupunguziwa mzigo. Tunajua kwamba hata huzuni huelemea moyo; kwa hiyo neno liende pamoja na maelezo yake: "moyo kuelemewa na kazi ya kusukuma damu".

(c) "Presha ya kupanda." Istilahi iliyopendekezwa ni "shinikizo la damu", lakini watu wanasema "presha", na hatuoni faida ya kugombana nao. Kosa limo katika kitenzi. Kinachopanda hushuka. Mgonjwa hungoja presha ipande ndipo ameze kidonge, na ikishuka hukihifadhi kidonge kwa siku nyingine. Hata "ana shinikizo la damu" ni usemi pungufu, kwani kila aliye hai analo. Iandikwe "shinikizo la juu la damu", yaani presha iliyo juu, na ielezwe kwamba vipimo vikirudiwa na kuonyesha 140 kwa 90 au zaidi, mtu anahesabiwa kuwa nalo hata kama hasikii lolote.

(d) "Maliza dozi." Agizo hili limehamishwa kutoka katika dawa za maambukizo, ambako ni sahihi. Kwa shinikizo la juu la damu ni kinyume cha kinachotakiwa. Mgonjwa mtiifu atameza vidonge vya mwezi mmoja, atamaliza, kisha atakaa akiamini kwamba amepona. Isemwe: "Kabla vidonge havijaisha, rudi uchukue vingine." Vilevile "kutwa mara mbili": kutwa ni tangu asubuhi hadi jua lichwe, na wapo wanaovimeza vyote viwili kabla ya machweo. Kutaja "saa moja asubuhi na saa moja usiku" kungemaliza utata huo.

(e) "Punguza chumvi." Agizo ni zuri, lakini neno ni finyu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Mama wa nyumbani atapunguza chumvi ya kopo, naye ataendelea kulainisha maharage na mboga kwa magadi, kwa kuwa kwake magadi si chumvi. Lakini magadi nayo yana sodiamu, na sodiamu ndiyo inayotukimbiza. Karatasi haikutaja magadi hata mara moja.

(f) "Maumivu ya moyo." Katika Kiswahili cha kila siku, chembe cha moyo ni pale chini ya kifua, juu ya tumbo. Anayesema "moyo unaniuma" huenda ana vidonda vya tumbo, na huenda pia ana majonzi. Afadhali karatasi iseme "kifua kubana au kulemewa, na maumivu kuelekea bega, mkono au taya".

Haki inatutaka tuseme pia palipo pazuri. Ukurasa wa tatu unasema: "Ukibonyeza mguu kwa kidole na shimo likabaki, au ukihitaji kuongeza mto ili upumue usiku, njoo zahanati." Hapana istilahi hata moja katika sentensi hiyo, na wasikilizaji wote waliweza kuirudia. Ndiyo bora kuliko zote.

Twajifunza nini? Kwa miaka mingi tumepima istilahi kwa usahihi, ufupi na ulinganifu wake na lugha ya kigeni. Vipimo hivyo vyatosha kwa kamusi. Kwa neno litakalosomewa mgonjwa kinahitajika kipimo kingine: akishalisikia, atafanya nini? Ikiwa atafanya lililo kinyume, istilahi hiyo ni mbovu hata kama kamati nzima iliipigia makofi.

Jambo la pili ni umoja wa majina. Mgonjwa anayeanzia zahanati ya kijiji aweza kupewa rufaa hadi Bugando, Mwanza, au hata Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Akikutana njiani na majina matatu ya ugonjwa mmoja, atadhani ana magonjwa matatu, na huenda akaacha dawa za kwanza alipopewa za pili.

Kwa hiyo tunawaomba wafasiri wasome rasimu zao kwa sauti mbele ya wasikilizaji kabla hazijapigwa chapa, na wawaombe waeleze watakachofanya, si walichosikia. Walimu wa elimu ya watu wazima na watumishi wa Mkoa wa Mara watuandikie majina wanayoyatumia wananchi wenyewe. Mapendekezo yetu hapo juu yako wazi kupingwa. Tunachokataa ni kuendelea kumsomea mzee wa Mugumu maneno ambayo sisi wenyewe hatukuuliza atayaelewaje.