Kuchora Korosho Mpaka Itambulike

Sehemu kubwa ya korosho ya Masasi na Newala huondoka bandari ya Mtwara ikiwa ghafi, ndani ya gunia. Hubanguliwa India au Vietnam, na ikifika dukani ng'ambo imeshapewa jina la mwingine. Kwa hiyo nikimwona kijana wa Ndanda ameinamia kompyuta ya steshenari, akibuni chapa ya korosho isiyo na kiwanda wala mwenyewe, sioni kuwa anapoteza muda. Anajifunza kazi ambayo Kusini mwa Tanzania inaihitaji sana.

Zoezi hilo la kubuni chapa huanza kwa kujitungia mteja. Tuseme ni kikundi cha akina mama wa Newala wanaobangua korosho na kuziuza stendi katika vifuko visivyo na maandishi. Nani ananunua? Abiria aliye dirishani, mwenye dakika mbili, au mpokeaji wa zawadi Dar es Salaam? Majibu yakishaandikwa ndipo penseli inashikwa, na karibu kila anayeanza huchora bibo lenye korosho yake chini. Umbo hilo ni gumu kuliko linavyodhaniwa: tunda liko juu, mbegu inaning'inia nje. Likichorwa kwa pupa, mwenzake atauliza, "Kaka, hii si pilipili hoho?"

Swali hilo nalithamini kuliko sifa. Mchoraji anajua alichokusudia, hivyo macho yake hujaza kilichopungua. Mwenzake anaona kilichopo kwenye karatasi tu. Utaratibu ninaoupenda ni huu: kazi ibandikwe ukutani, jina lifunikwe, mwenyewe anyamaze. Wenzake waseme kwanza wanachokiona, ndipo waseme wanachokipenda. Kunyamaza huko kunauma. Lakini anayekimbilia kujitetea akumbuke kwamba hatapanda basi na kila kifuko ili amweleze mnunuzi alichomaanisha.

Kisha nembo ipunguzwe hadi ukubwa wa ukucha. Itolewe fotokopi nyeusi, halafu ipigwe kwa rangi moja juu ya gunia, mahali ambapo mistari myembamba hupotea yote. Hapa wengi huvunjika moyo, maana rangi za kompyuta zilikuwa zimewaficha kasoro. Panda wa shirika la uhifadhi la WWF, aliyechorwa na Peter Scott mwaka 1961, alipendwa pia kwa sababu weusi na weupe wake ulipunguza gharama za uchapaji. Na alama ya Nike ilichorwa mwaka 1971 na Carolyn Davidson akiwa bado mwanafunzi, kwa dola 35. Ukosefu wa fedha si kizuizi cha kuanza, ingawa natamani wabunifu wetu walipwe vizuri zaidi ya hapo.

Uwanda wa Wamakonde unaijua elimu hii ya kujifunza mbele ya macho ya wenzako. Wachongaji hukaa pamoja, na kazi ya kila mmoja iko wazi mbele ya wengine tangu ikiwa gogo la mpingo. Tofauti ni kwamba mpingo ukishakatwa haurudi. Tezo humlazimisha mtu kuamua. Kwenye kompyuta kila kosa hufutika, na mwanafunzi anaweza kubadilisha rangi hadi usiku bila kuamua lolote. Kwa hiyo mwenzi mzuri hana kazi ya kutoa kasoro peke yake. Kuna wakati inampasa aseme, "Hapo acha."

Ndanda kuna hazina nyingine, ya herufi. Wabenediktini walifungua misheni hapo mwaka 1906, na vitabu vya Kiswahili vya Ndanda Mission Press vimesomwa nchi nzima. Ningemshauri anayejifunza akae na vitabu hivyo, atazame nafasi kati ya herufi, upana wa pambizo, jinsi kichwa cha habari kinavyosimama bila mapambo. Nembo nyingi za mitaani huharibikia kwenye maandishi. Picha huwa nzuri, jina halisomeki ukiwa hatua kumi.

Katika rasimu za mwisho bibo hupoteza jani, kivuli na mng'ao. Hubaki mkunjo wa korosho na umbo moja juu yake, na sasa hakuna anayeuliza kuhusu pilipili. Mjadala unahamia kwenye jina: liandikwe kwa herufi kubwa au ndogo, na mkunjo ule ule utakaaje kwenye muhuri, risiti na fulana ya mbanguaji.