Waliokatisha Mionzi Wamefutwa Hesabuni

Mliokuwa ukumbini ilipowasilishwa modeli ya kutabiri uhai wa wagonjwa mnaukumbuka ule mstari wa uhai: ulikaa juu, ukateremka polepole, makofi yakapigwa. Mimi nilikuwa bado nimekwama kwenye slaidi ya nne, kwenye maandishi madogo ya chini. Wagonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi ambao hawakukamilisha mionzi ya nje na ya ndani hawakuingizwa kwenye modeli, na siku za uhai zilihesabiwa tangu siku ya mwisho ya tiba. Uamuzi huo ni kosa, na umeiharibu kazi nzima.

Modeli hii imetengenezwa imsaidie daktari aliyekaa na mama siku ya kwanza kliniki. Siku hiyo hakuna ajuaye nani atamaliza. Ukimtabiria kwa mfano wa waliomaliza tu, umeshachukulia kwamba naye atamaliza, na hilo ndilo lisilojulikana. Tena ili uingie kwenye grafu ile ilikubidi kwanza uwe hai hadi mionzi ya ndani ya mwisho. Aliyefariki wiki ya nne hakuandikwa kuwa amekufa, kwa kuwa hakuandikwa kabisa. Chukua wanawake 100 wa kufikirika. Wamalize 60, na 45 kati yao wawe hai baada ya miaka miwili: grafu itasema asilimia 75. Kama katika wale 40 waliokatisha wamebaki hai 10, mama wa siku ya kwanza alipaswa kuambiwa asilimia 55.

Nimezishika kadi za hawa waliokatisha. Moja hainitoki kichwani: visanduku 25 vya mionzi ya nje, vimetiwa saini hadi cha 17, kisha neno "hakuja" mara nne, kila mara kwa mwandiko tofauti, halafu weupe. Nyuma ya kadi, namba ya simu ya shemeji. Ndani ya faili, damu imeshuka hadi 7, kriatinini inapanda kwa sababu uvimbe umebana mirija ya mkojo, na sisplatini imesimamishwa. Ugonjwa uleule unaoua ndio unaokatisha tiba, ukisaidiwa na nauli, malazi ya wiki tano mjini, na mashine. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda nzima, ile ya kobalti pale Mulago, iliharibika isitengenezeke. Pale ungemwandika nani kuwa mtoro?

Waliotengeneza modeli walijitetea kwamba taarifa za waliokatisha hazikukamilika. Wanatakwimu Kaplan na Meier walishatupa tangu 1958 njia ya kumbakiza kwenye hesabu mtu ambaye mwisho wake haujulikani, kwa sharti kwamba kutoweka kwake hakuhusiani na kufa. Hapa sharti halitimii, kwa hiyo hata njia hiyo peke yake haitoshi. Unampigia shemeji, unamuuliza mtendaji wa kijiji, na kwa wale wasiopatikana kabisa unarudia hesabu mara mbili, mara moja wote wakiwa hai na mara moja wote wakiwa wamekufa, kisha unaonyesha pengo.

James Heyman wa Stockholm alilijua hili bila kompyuta. Ripoti ya matokeo ya mionzi kwa saratani hii, aliyoisimamia chini ya Shirikisho la Mataifa na iliyoanza kutoka mwaka 1937, ilitaka hesabu ya kila mgonjwa aliyechunguzwa, aliyetibiwa na asiyetibiwa, na aliyepotea akawekwa pamoja na waliokufa. Kwa kanuni ile kituo hakikuweza kupendezesha namba zake kwa kuwafuta waliokatisha.

Kwa haki yao, kujaza taarifa zilizokosekana na kuipima modeli kwa sampuli za kurudiarudia vilifanywa vizuri.

Lakini walitangaza pia kwamba muda wote wa tiba haukuwa na uzito. Nimeandika hapa miaka mingi kuhusu siku 56, kikomo cha kumaliza mionzi yote, na sitaacha. Fyles na wenzake wa Toronto walionyesha mwaka 1992 kwamba kila siku inayozidi 30 hupunguza udhibiti wa uvimbe kwa takriban asilimia 1. Ukishawatoa waliocheleweshwa hadi wakakatisha, umebaki na ambao siku zao zinakaribiana, na modeli haina cha kulinganisha. Kisha wakaupokea ulivyo mfumo wa FIGO wa 2018 wa kupanga hatua za saratani hii, ambao niliupinga tangu ulipotoka: hatua ya IIIC1 inamweka mwenye uvimbe mdogo kapu moja na ambaye uvimbe wake umefika ukuta wa nyonga, mradi wote wawili tezi zao za limfu za nyonga zimeshikwa. Ukubwa wa uvimbe ulipaswa kusimama peke yake.

Niliuliza kadi za waliotolewa ziko wapi. Nikajibiwa ziko kwenye maboksi, stoo ya kumbukumbu, hazijatupwa. Zifunguliwe, siku zihesabiwe tangu mama alipoingia kliniki, na kila mwenye saini 17 aingie kwenye mstari.