Bia Isiyo na pa Kujificha

Anayepika helles nyumbani kajitafutia kazi ngumu kwa hiari yake. Bia nyeusi humstahi mpishi, maana hata kimea kilichoungua kidogo kinapita kama ladha. Bia ya hopsi nyingi nayo husetiri mengi kwa uchungu na harufu. Helles, bia ya rangi ya dhahabu ambayo kiwanda cha Spaten cha Munich kiliitoa mwaka 1894 ili kushindana na pilsner ya Bohemia, haifichi kitu.

Ninachokistaajabia ni jinsi inavyojaza kinywa ladha ya kimea, kama ganda la mkate mpya, kisha ukishameza ulimi unabaki mkavu na mkono unarudi kwenye glasi. Wengi huitafuta ladha hiyo kwa kuongeza vimea vitamu, wakaishia na bia inayonata. Mpishi mjuzi hutumia karibu kimea cheupe cha shayiri kitupu, kilo 4.5 hivi kwa lita 20, halafu akili yake yote huiweka kwenye joto.

Aliyewahi kupika togwa anajua kimea kinavyolainisha uji na kuutia utamu. Hapa kazi ni ileile, ila vipimo ni vikali. Kwenye nyuzi 64 au 65, vimeng'enya huuvunja wanga kuwa sukari ambayo hamira inaiweza. Joto likivuka 70, sehemu kubwa ya kinachopatikana hamira haiwezi kukila, na bia hubaki nzito. Basi utamkuta mtu kainamia sufuria saa nzima, kipimajoto mkononi, akikoroga taratibu, akiongeza moto na kuupunguza. Mwishoni huchota tone, analiweka kwenye kisahani cheupe na kulidondoshea iodini. Ikigeuka buluu iliyokolea, wanga bado upo, na subira inaendelea. Ikibaki na rangi yake ya kahawia, anaanza kuchuja machicha.

Kuchemsha ni dakika 90, sufuria wazi, kwa sababu kimea cheupe hutoa harufu ya mahindi ya kuchemsha na lazima ipae na mvuke. Hopsi za Hallertau, gramu 30 hivi, zinatosha. Kujizuia hapo kunanivutia kuliko mbwembwe zozote za upishi.

Hamira ya lager hutiwa kwenye nyuzi 9 au 10, ifanye kazi polepole. Inapokaribia kumaliza, joto hupandishwa hadi 16 ili ile kile kinacholeta harufu ya siagi. Kuhakikisha, mpishi hujaza glasi mbili, moja anaizamisha kwenye maji ya moto, zikipoa ananusa zote. Siagi ikijitokeza hata kwa mbali, bia haiguswi.

Baadaye ni wiki tano au sita karibu na nyuzi 0. Zamani Bavaria walitegemea barafu iliyojazwa kwenye maghala ya chini ya ardhi, mpaka mashine za ubaridi za Carl von Linde zilipofika Spaten miaka ya 1870. Siku hizi friji kuukuu yenye kidhibiti joto inatosha. Kipimo cha uzito wa bia, kilichoanzia 1.047, kinatakiwa kiwe kimeshuka hadi 1.009 hivi. Kikiwa kimekwama 1.014, ubaridi wa miezi mitatu hautaikausha. Jambo hilo liliamuliwa kwenye sufuria, siku ya kwanza.