"NI KWELI": UHAKIKI WA JIBU LA MSHTAKIWA KATIKA MAHAKAMA ZA TAITA TAVETA

Mijadala ya wataalamu wa Kiswahili kuhusu lugha ya sheria aghalabu imehusu istilahi: neno lipi lifaalo kwa dhana ipi, na je, lugha hii inaweza kuubeba mzigo wa mahakama? Swali hilo la pili limekwisha kujibiwa. Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 2021 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Nchini Kenya, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 198, inaruhusu Kiingereza au Kiswahili katika mahakama zilizo chini ya Mahakama Kuu. Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo dogo kwa umbo lakini kubwa kwa matokeo, nalo ni maneno mawili ambayo kwayo mtu aliyesimama kizimbani huweza kutiwa hatiani kabla ya shahidi hata mmoja kuitwa: "Ni kweli."

Taita Taveta ni mahali panapofaa kwa uchunguzi huu. Voi ni mji wa njia panda. Reli ya Mombasa na Nairobi hupita hapo, na tangu Vita Kuu ya Kwanza tawi lake limeelekea Taveta. Kidawida husemwa milimani. Kisagalla, kisemwacho katika mlima ulio karibu na mji wenyewe, kina ujamaa wa karibu zaidi na lugha za Mijikenda. Na Kitaveta, kule mpakani, kinakaribiana na Chasu cha Wapare. Ongeza Wakamba, Waata na Wasomali, na itaonekana kuwa Kiswahili cha Voi, Wundanyi na Taveta ni lugha ya kukutania. Watu wengi hukijua, ila kila mmoja hukijia kutoka nyumba yake. Tena zaidi ya nusu ya eneo la kaunti imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotangazwa mwaka 1948. Kwa hiyo mambo ambayo kwingineko ni shughuli za kila siku, kama vile kuchunga, kukata kuni au kutega mnyama, hapa huweza kumfikisha mtu mbele ya hakimu.

Yafaa kwanza sheria yenyewe ielezwe. Kwa mujibu wa kifungu cha 207 cha sheria iliyotajwa, mshtakiwa husomewa shtaka na kuulizwa kama anakubali au anakana. Akikubali ukweli wa shtaka, maneno yake huandikwa kwa kadiri iwezekanavyo kama alivyoyatamka. Kisha kifungu cha 348 chasema kwamba aliyetiwa hatiani kwa kukiri kwake mwenyewe katika mahakama ya chini hana rufaa, isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Mlango wa kurudi nyuma ni mwembamba sana: itampasa mtu huyo aonyeshe kuwa kukiri kwake hakukuwa kukiri.

Hapa ndipo mhakiki wa lugha anapokuwa na la kusema. Sheria imeagiza kwamba maneno ya jibu yaandikwe, na hilo ni jambo jema. Lakini katika kesi nyingi shtaka huwa limeandikwa kwa Kiingereza, naye karani hulifasiri kwa mdomo. Kumbukumbu ya kesi itaonyesha shtaka la Kiingereza na jibu, ambalo huandikwa ama kwa Kiswahili ama kwa tafsiri yake. Sentensi ya karani, ambayo ndiyo pekee mshtakiwa aliyoisikia na kuijibu, haimo. Kumbukumbu huhifadhi jibu, lakini swali hupotea. Na jibu kama "ni kweli" halina maana ya peke yake, kwa kuwa maana yake yote hukopwa kutoka katika sentensi iliyolitangulia.

Chukuliwe mfano wa kubuni. Mchungaji anashtakiwa kwamba aliingia katika mbuga ya taifa akiwa na mifugo bila idhini. Karani mmoja atasema, "Uliingia mbugani na ng'ombe." Mwingine atasema, "Uliingiza ng'ombe mbugani." Wa tatu, kwa kutaka kufupisha, atasema, "Ng'ombe wako waliingia mbugani." Kwa msikilizaji wa kawaida tofauti ni ndogo. Kwa mwanaisimu, na kwa haki pia, tofauti ni kubwa. Katika "kuingiza" mnyambuliko wa kitenzi umemfanya mtu kuwa msababishi. "Kuingia na" humfanya kuwa mwandamani. Katika "waliingia" watendaji ni ng'ombe wenyewe, na mtu yumo katika kile kimilikishi "wako" tu. Ikiwa wanyama walivunja zizi usiku naye akawafuata alfajiri ili awarudishe, atajibu "ni kweli" kwa sentensi ya tatu bila ya kusema uongo wowote. Lakini kumbukumbu itasomwa kana kwamba alijibu ile ya pili. Nia, ambayo makosa mengi ya jinai hayakamiliki bila yake, itakuwa imeingia katika jibu kwa mlango wa silabi moja.

Tatizo la pili ni upana wa "kweli". Shtaka ni sentensi yenye madai mengi yaliyofungwa pamoja: tarehe, mahali, tendo, kitu, kutokuwa na ruhusa, na wakati mwingine nia. Aambiwaye yote kwa pumzi moja hujibu lile lililo kubwa machoni pake. Mtu aliyekutwa na nyama ya paa anajua kwamba alikutwa nayo, na hilo ni kweli. Kama alijua ni nyama ya mnyama gani, au aliipata kwa nani, ni maswali mengine yaliyomezwa na jibu moja. Na adhabu si ndogo: Sheria ya Wanyamapori, ilivyopitishwa mwaka 2013, iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa yahusuyo wanyama walio hatarini kutoweka.

Tatizo la tatu ni neno "kosa" lenyewe. Kitenzi "kukosa" ni kutopata, kutolenga, kutokuwapo, na pia kutenda lisilo jema. Mtu aweza kukosa basi, kukosa shabaha, kukosa adabu, au kumkosea mzee wake. Kwa hiyo "nimekosa" si lazima iwe taarifa juu ya tendo. Mara nyingi ni tendo lenyewe la adabu, ambalo kwalo mdogo hujishusha mbele ya mkubwa ili ugomvi uishe. "Hatia" nayo imetoka katika neno la Kiarabu la dhambi, na haijaachana kabisa na asili yake. Mshtakiwa akiulizwa "Unakubali kosa?", hakuna alama yoyote katika sentensi hiyo inayomwonyesha kwamba wakati huu neno hilo lina maana finyu ya kisheria, wala kwamba unyenyekevu hautapokewa kama unyenyekevu.

Hapa kazi ya Grace Harris juu ya dini ya Wataita, iliyochapishwa mwaka 1978 kutokana na utafiti wake wa mwanzoni mwa miaka ya 1950, inatoa mwanga. Harris alieleza jinsi maradhi na misiba ilivyohusishwa na hasira iliyofichika moyoni, na jinsi mpiga ramli alivyotafuta hasira hiyo ilikuwa ya nani. Kiini cha dawa kilikuwa kutasa: mtu hupiga funda la kinywaji na kulipuliza nje huku akitamka kwamba hasira imetoka na heri imekuja. Katika mpango huo, aliyeonyeshwa kuwa na hasira hakuwa kwa sababu hiyo mhalifu. Huenda hasira yake ilikuwa ya haki kabisa. Kukubali kwake kulifungua njia ya kupatana.

Si halali, hata hivyo, kuruka kutoka katika kitabu hicho hadi kizimbani na kudai kwamba Mtaita wa leo hukiri kwa sababu ya kutasa. Misheni ya Kianglikana ilifika Sagalla mwaka 1883, na ya Kikatoliki ikafika Bura mwaka 1892, na vizazi kadhaa vimelelewa katika mafundisho mengine. Lakini mafundisho hayo nayo yamesisitiza kuungama kama mwanzo wa kusamehewa. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni hili: katika mila na katika kanisa, kukubali ni mlango wa kurejea miongoni mwa watu, ilhali mahakamani ni mlango wa kutolewa miongoni mwao. Mtu hapewi onyo kwamba amevuka kutoka nyumba moja hadi nyingine, kwa kuwa maneno ni yale yale.

Hapana budi kukiri kwamba mahakama zenyewe ziliiona hatari hii mapema. Katika shauri la Yonasani Egalu la mwaka 1942, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema yapendeza kila kipengele cha shtaka kifafanuliwe kwa mshtakiwa, naye atakiwe kukikubali au kukikana kimoja kimoja. Shauri la Adan la mwaka 1973 liliweka utaratibu unaofuatwa hadi leo: shtaka na vipengele vyake vielezwe katika lugha ambayo mshtakiwa anaifahamu, jibu liandikwe kwa maneno yake, mwendesha mashtaka asimulie mambo yalivyotukia, mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga, naye akipinga jambo la msingi, ihesabiwe kwamba amekana. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 50, imeongeza haki ya mkalimani bila malipo.

Itasemwa, basi, kwamba dawa imekwisha kupatikana. Itasemwa pia kwamba mahakimu wana kesi nyingi, na kwamba wengi wanaokiri wametenda kweli. Hoja hizo zina uzito. Lakini utaratibu wa Adan hulinda pale tu ambapo mtu aweza kuhakiki kama ulifuatwa. Jaji wa Mahakama Kuu ya Voi akiletewa kumbukumbu iliyoandikwa kwamba shtaka "lilifafanuliwa kwa Kiswahili", hana njia ya kujua kama karani alisema "uliingia" au "uliingiza". Anaamini neno "lilifafanuliwa" kama vile hakimu alivyoamini neno "kweli". Ushahidi haukuletwa katika mahali popote kati ya hapo viwili.

Linalohitajika ni kwamba swali liandikwe kama lilivyoulizwa, kwa lugha iliyoulizwa, kipengele kwa kipengele, na jibu la kila kipengele liwekwe chini yake. Kazi ya wanaisimu ni kuyatayarisha maswali hayo: si orodha ya istilahi tu, bali sentensi kamili zilizopimwa kwa wasemaji wa Kidawida, Kisagalla na Kitaveta, ili ijulikane wanachosikia wanaposikia Kiswahili cha sheria. Maswali yaulize tendo, yasiulize kosa: "Ulifanya hivi? Ulijua hivi? Ulikuwa na ruhusa?" Uamuzi kama hayo ni kosa uachiwe yule anayelipwa kuuamua.

Sheria ya jinai haimtaki mshtakiwa athibitishe kwamba hana hatia. Mzigo ni wa upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho. Kukiri ndiko kunakoutua mzigo huo. Haifai utuliwe kwa jibu ambalo swali lake hakuna aliyeliandika.