Ngoro za Wamatengo

Katika nyanda za juu za Mbinga, mkoani Ruvuma, Wamatengo hulima miteremko ambayo mgeni angedhani haifai hata kwa malisho ya mbuzi, na huilima kwa ngoro, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta pande zote nne na kupangana mlimani mithili ya sega la nyuki. Chanzo cha ustadi huu hutajwa kuwa msukosuko wa karne ya 19, Wangoni walipoingia kutoka kusini na kuwabana wenyeji milimani, wakalazimika kujilisha kwa ardhi finyu yenye mwinamo mkali.

Mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni, majani hufyekwa, huachwa yanyauke, kisha hulazwa kwa mistari inayokatana hadi mlima mzima ukawa umechorwa miraba. Ndipo udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa kwa jembe na kurushwa juu ya mistari hiyo, majani yakafukiwa ndani ya tuta. Juu yake hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi, ambayo huyakuta majani yamekwisha kuoza na kuwa mboji. Magugu ya palizi nayo hutupwa shimoni. Mvua inaponyesha, kila shimo hupokea maji yake, yakatuama na kuzama taratibu, na tope lililoteremka nayo likasalia humo badala ya kukimbilia mtoni. Baada ya miaka miwili hivi matuta huundwa upya, na rutuba iliyojikusanya chini hurudi juu.

Uzuri wa ngoro ni kwamba kuhifadhi udongo na kulima ni tendo moja, wala mkulima hahitaji kushurutishwa. Matuta ya ngazi yaliyoamriwa na serikali ya kikoloni katika milima ya Uluguru yalikuwa mzigo juu ya kilimo chenyewe, na mwaka 1955 yalizua ghasia.

Hata hivyo, ngoro ni kazi ya jasho, na jasho hilo haligawanywi sawa: kwa desturi wanaume hufyeka na kulaza majani, ilhali kuchimba na kufukia, ambako ndiko kugumu zaidi, huangukia wanawake. Kahawa, zao la biashara lililoingia huko enzi za ukoloni, nayo hudai nguvu za kaya hiyo hiyo, kwa hiyo ukubwa wa shamba la ngoro hupangwa zaidi na idadi ya majembe nyumbani kuliko upana wa mlima.