Mtu wa Lango Moja

Malori yanayopita Msamvu usiku na mchana kuelekea Zambia, Kongo na Rwanda hubeba, kwa sehemu kubwa, shehena iliyoshushwa bandari ya Dar es Salaam. Sisi wa Morogoro tunawafahamu madereva wake, wanapokula na wanapolala. Aliyeiingiza meli bandarini hatumjui, nami naamini hakuna aliyefanya kazi nyeti kuliko yake katika safari nzima ya mzigo ule.

Huyo ni rubani wa bandari. Meli ikikaribia lango, yeye huifuata kwa boti, akaparamia ubavu wake kwa ngazi ya kamba huku meli ingali inatembea, kisha akapanda mpaka chumba cha kuongozea. Nahodha hubaki nahodha, na dhamana ya meli hubaki yake. Hata hivyo, kuanzia hapo humsikiliza mgeni aliyepanda sasa hivi.

Imani hiyo ina gharama ya miaka. Mtu huanza na hisabati na fizikia za sekondari, akaenda chuo. Kwetu ni Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, STCW wa 1978, humtaka mwanafunzi atumie angalau miezi 12 baharini ndani ya mafunzo yake ndipo apewe cheti cha ofisa wa zamu. Unahodha wa meli kubwa unadai miezi mingine 36 ya kazi ya uofisa, au 24 ikiwa 12 kati ya hiyo alikuwa msaidizi mkuu wa nahodha. Bandari nyingi duniani huwatafuta marubani wao miongoni mwa watu waliokwisha kupanda ngazi hizo.

Na bado hajawa rubani. Mwaka 2003 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipitisha mapendekezo kuhusu mafunzo na vyeti vya marubani, na uzito mkubwa uliwekwa kwenye kulijua eneo lenyewe: vina, maboya, mikondo, pepo, miamba. Hayo hupatikana kwa kuingia na kutoka mara nyingi pamoja na rubani mzoefu, mchana na usiku. Ndiyo maana aliyefuzu Dar es Salaam hawezi kwenda Mombasa kesho akaanza kazi. Ni kama mzee wa Kinole anayeshuka mlima wakati ukungu umeifunika njia: mguu wake unaijua Uluguru, haudai kuijua Kilimanjaro.

Lango la Dar es Salaam ni jembamba na lina kona. Vivuko vya Magogoni na Kigamboni hulikata vikiwa vimejaa abiria, na wavuvi wa soko la samaki la Feri wamo humo humo. Wakati wa bamvua maji hujaa na kupwa kwa tofauti inayozidi mita tatu. Upepo wa kusi nao hukumba ukuta mrefu wa makontena yaliyopangwa juu ya meli.

Kinachonivutia zaidi ni suala la mwendo. Meli ikienda kasi kwenye maji yenye kina kifupi, maji yaliyobanwa chini yake hukimbia, msukumo wake hupungua, na meli hudidimia zaidi kuelekea chini. Basi apunguze? Akipunguza mno, maji yanayoupiga usukani hupungua nguvu, na meli haigeuki inavyoagizwa. Akisogea sana ukingo mmoja, tezi, yaani nyuma ya meli, huvutwa kuelekea ukingo huo na omo, yaani mbele yake, hukimbilia upande wa pili. Rubani huishi kati ya makosa hayo, akiamua mapema, kwa sababu meli kubwa hujibu amri ikiwa imeshachelewa. Tagi, yaani boti za kusukuma na kuvuta meli, humsaidia, lakini ni yeye anayeziambia zisukume wapi, lini, kwa nguvu gani.

Akishapata leseni, mapendekezo yale ya IMO yanataka umahiri wake uthibitishwe tena kila baada ya muda usiozidi miaka 5. Afya yake nayo hupimwa. Kijana wa Mgeta au Matombo anayeitamani kazi hii aanze na hospitali kabla ya chuo, akapimwe macho kama yanatofautisha rangi: katika maji yetu meli inayoingia huacha boya jekundu kushoto na la kijani kulia, na usiku hubaki taa zake tu.